Tupeane uzoefu: mitandao ya wanafunzi ilivyokua mwanzoni, 2003 hadi 2006

Mwanzisha mada
Wakuu, wengi wanaojenga mtandao wa wanachuo hufungulia nchi nzima siku ya kwanza, kisha wanashangaa mbona ndani hakuna watu. Tuchambue kilichofanyika Marekani. Stori za mabilioni tuziache.

Kitasa
Siri ilikuwa mlangoni. Thefacebook, ambayo leo ni Facebook, ilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Harvard tarehe 4 Februari 2004, bila barua pepe inayoishia harvard.edu huingii. Anwani imetolewa na chuo, kwa hiyo jina bandia lilikuwa gumu kupenya, na kila uliyemkuta humo mlikuwa mnapishana bwaloni. Ndani ya mwezi, zaidi ya nusu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza walikuwa wamejiunga. Machi zikafuata Columbia, Stanford na Yale. Mwaka ukaisha na watumiaji kama milioni 1.

Seva Kuukuu
Naongezea upande wa mitambo, maana hapo ndipo wengi hufia. Friendster, mtandao wa kijamii uliotangulia, ilikokotoa urafiki hadi hatua nne, yaani rafiki, rafiki wa rafiki, na kuendelea. Piga hesabu: kila mtu ana marafiki 50. Hatua ya pili ni 2,500, ya tatu 125,000, ya nne 6,250,000, kabla hujaondoa wanaojirudia. Kurasa zikawa hazifunguki, watu wakahama. Thefacebook ilitumia PHP (lugha ya kuandikia tovuti) na MySQL (programu ya kuhifadhi data), kila chuo na kanzidata yake, yaani hifadhi yake ya data, na wasifu wako kwa kawaida ulionwa na wa chuo chako tu. Mzigo ukagawanyika wenyewe. Gharama yake: urafiki wa vyuo viwili unagusa kanzidata mbili, na hapo msimbo unaanza kuwa mchafu.

Bweni B
Kila chuo kipya kilikuwa kazi ya mikono: muundo wa barua pepe zao, orodha ya mabweni, orodha ya kozi. Dustin Moskovitz, mmoja wa waanzilishi wa Thefacebook, ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Msidharau orodha ya kozi, jamani. Mtu aliingia kuangalia nani anasoma naye darasa moja, hata kabla hajawa na rafiki hata mmoja humo.

Mpinzani
Mkuu Kitasa, mlango peke yake hautoshi. Stanford walikuwa na mtandao wao, Club Nexus, tangu 2001, Columbia walikuwa na CU Community, na zote zilikuwa na vikorombwezo vingi kuliko Thefacebook iliyokuja baadaye. Thefacebook ilianza na wasifu wenye picha moja. Ukuta wa kuandikiana ulikuja Septemba 2004, albamu za picha Oktoba 2005. Waliotangulia mwanzoni walijifungia chuoni kwao, Thefacebook ikawa inahama chuo hadi chuo.

Kitasa
Nakubali. Ila tazama Septemba 2006: tarehe 5 Facebook wakaleta News Feed, ukurasa unaokukusanyia mapya ya marafiki zako, wanafunzi wakaja juu kwa maelfu, ingawa hakuna kilichokuwa kimefichwa kikafichuliwa. Taarifa zilikuwa palepale, ila sasa zilikufuata badala ya wewe kuzifuata. Vidhibiti vya faragha vikaongezwa siku chache baadaye, na tarehe 26 mlango ukafunguliwa kwa yeyote mwenye miaka 13 na kuendelea.