Inveta ya zamani na betri za lithiamu: nibaki nayo ama niuze yote?

SamakiBwera
Wadau habari za jioni. Niko Bwera huku mpakani, nina duka la soda na samaki, friza mbili, friji moja, taa na simu za wateja wanazoleta kuchaji. Umeme ni wa sola, na inveta (mashine inayogeuza umeme wa betri uwe wa friza na taa) ni ile Axpert 5kVA ya 48V ya zamani, haina tundu la kuongea na betri, ina vibonye vinne na kioo kidogo basi. Betri ni gel (aina ya betri za asidi) nane za 200Ah, hii ni seti ya pili na yenyewe imeshachoka, saa nne usiku inveta inaanza kulia kama mtoto wa mbuzi, asubuhi nafungua friza samaki wamelainika na mama Kiiza amesimama mlangoni anasubiri mzigo wake.

Naona njia tatu. Ya kwanza ninunue gel tena, ya pili niweke lithiamu kwenye inveta hii hii, ya tatu niuze inveta ninunue ile mpya inayosoma BMS, yaani kile kifaa cha ndani ya betri ya lithiamu kinacholinda seli zake. Fundi mmoja wa hapa ameniambia lithiamu kwa inveta ya zamani ni moto tu, mwingine anasema ni kutoa waya na kurudisha waya. Nani mkweli?

FundiKatwe
Wote wawili wamekosea ssebo. Gel mimi siwezi kukushauri tena, hebu piga hesabu: nane za 12V 200Ah kwa karatasi ni karibu 19kWh lakini ukitaka ziishi unatumia nusu tu, yaani 9 na kitu. Lithiamu mbili za 51.2V 100Ah ni 10.24kWh na unaweza kutumia asilimia 80 ama 90 bila kuziumiza. Kwa hiyo umeme unaopata ni karibu ule ule, ila hizi mbili unabeba na kijana mmoja, zile nane uliita watu wangapi?

Sasa inveta. Kwenye mipangilio yake, namba 05 ya aina ya betri, usichague AGM wala FLD, hizo ni za betri za asidi, chagua USE, halafu unaandika volti zako mwenyewe. FLD kwa hiyo mashine inapandisha mpaka 58.4, na betri ya 51.2V ina seli 16 ndani, kila moja mwisho wake ni volti 3.65, 16 mara 3.65 ni 58.4 kamili, yaani umefika ukingoni kabisa, seli moja ikitangulia wenzake kidogo tu BMS inakata. Mimi naweka namba 26, volti za kuchaji, kwenye 56, namba 27, float ile ya kushikilia betri ikishajaa, kwenye 54, namba 29 ile ya kuzima naipandisha mpaka 48. Kiwandani imekuja na 42, hiyo ni ya betri za asidi, kwa lithiamu ukifika 42 umeshakausha kisima.

Nalubaale_Sola
Kabla hujaandika 56 soma kibandiko cha betri kwanza!! Mimi niko Buvuma, mwaka juzi nilinunua betri duka moja la Kampala, yule kijana wa kaunta akasema "zote ni 48, zote sawa", nikaifunga nikaacha inveta kwenye AGM. Basi kila siku saa saba mchana jua linapochoma ndio stima inakata, kioo kinaandika kosa 03 (volti za betri zimezidi), usiku inafanya kazi vizuri kabisa. Nilidhani ni paneli, nikapanda juu ya bati mara tatu. Kumbe betri yangu ina seli 15 si 16, imeandikwa 48V si 51.2V. AGM ya hiyo inveta ni 56.4, gawa kwa 15 unapata 3.76 kwa kila seli, BMS ingekubali vipi? Nikashusha mpaka 53, float 52, mpaka leo sijaona 03 tena. Zile za Pylontech za 48V ndivyo zilivyo, seli 15.

FundiKatwe
Huyo amesema la maana. Na hapo ndipo watu wanapochanganya, BMS ni askari wa zamu ya mwisho, si bawabu wa kufungua na kufunga lango kila siku. Ikikata mchana wakati paneli zinasukuma, ule umeme hauna pa kwenda, volti zinaruka ndani ya inveta, siku moja utasikia "tap" na harufu ya plastiki. Inveta yenyewe ndio iwe ya kwanza kusema imetosha.

Afande_Mstaafu
Mimi nasema uza. Niliteseka na mambo ya kukisia miaka miwili, sasa nina mpya, inaongea na betri kwa waya wa mawasiliano wa CAN, betri yenyewe inaiambia leo nipe ampea hizi, sasa punguza. Nikiwa shambani Masindi naangalia asilimia kwenye simu. Inveta yako ya zamani inakudanganya asilimia mchana kweupe, kwa sababu inasoma volti, na lithiamu kutoka kama 80 mpaka 30 volti hazisogei, unaona 53 na kitu, 52 na kitu, unajiona tajiri, halafu ghafla chini. Ni kama galoni ya mafuta isiyoonyesha ndani.

Nalubaale_Sola
Afande ni kweli lakini hujasema ile wiki uliyokaa gizani kwa sababu huo waya wa mawasiliano, wenye kichwa cha RJ45, wa kiwanda hiki haulingani pini na kiwanda kile 😂 tulikuwa wote kwenye group. Kwa pesa ya inveta mpya huyu ananunua betri ya tatu. Asilimia anaweza kupata kwa shanti, kipimo cha ampea, anaifunga kwenye waya wa hasi, kila mzigo na kila chaji ipite hapo, inahesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Afande_Mstaafu
Sikatai. Ilikuwa siku nne lakini, si wiki.

BodaNaJua
Na zile za Nissan Leaf zilizokatwa kutoka magari ya Japani? Kuna jamaa Kampala anaziuza bei ya kutupa.

FundiKatwe
Hizo si chuma-fosfeti kama lithiamu tunazozungumzia hapa, ni kemia nyingine, seli inajaa kwa 4.2, volti zake hazikai pamoja na namba tulizoandika hapo juu, na zikikasirika zinawaka vibaya zaidi. Kama una fundi anayezijua na chumba nje ya nyumba sawa. Duka lenye watu wanalala nyuma, hapana.

SamakiBwera
Asanteni sana. Nimeamua kubaki na inveta, nimeleta lithiamu mbili kutoka Kampala kwa basi, kibandiko 51.2V nimesoma mara mbili. Shida: nikigusisha waya wa chanya inapiga cheche kubwa na betri inazima yenyewe. Imeharibika?

FundiKatwe
Haijaharibika. Inveta ina kapasita kubwa ndani, vifaa vya kuhifadhi umeme kidogo, zikiwa tupu zinavuta umeme wote kwa mkupuo, BMS inadhani ni shoti. Tafuta taa ya zamani ile ya nyuzi, 100W, si LED. Funga waya wa hasi kwanza, halafu chanya ipitie kwenye taa. Utaona inamulika mara moja halafu inafifia. Ikishafifia gusisha waya wenyewe, hutasikia hata tik.

Mambo mengine haraka haraka: kabla ya kuziunganisha sambamba zijaze zote mbili kila moja peke yake. Waya za betri zote urefu mmoja, chanya ya inveta itoke betri ya kwanza na hasi itoke ya pili. Fyuzi ya DC, yaani ya umeme wa betri, kila betri, si breka ya stima ya nyumbani. Na usithubutu kuacha gel moja mbili zisaidie pembeni, najua unawaza.

SamakiBwera
Banange umejuaje.

Nalubaale_Sola
Usizime betri moja pia ukabaki na nyingine. Inveta hiyo ikitoa 4kW kamili inavuta karibu ampea 87, friza mbili zikianza pamoja zinapita 100, betri moja peke yake BMS yake itakata.

SamakiBwera
Narudi baada ya wiki tatu. Taa ya nyuzi nimeipata kwa mzee wa kuku, alikuwa anapashia vifaranga, nayo ikamulika ikafifia vile vile ulivyosema. 26 iko 56, 27 iko 54, 29 iko 48, na namba 12 nimeweka 50 ili betri ikishuka hapo irudi kwa stima ya gridi, ya UEDCL, kama ipo. Siku ya nne betri ya pili ilikuwa na seli moja 3.58 wenzake 3.41, nikashusha 26 mpaka 55.2 kama siku tano ikajisawazisha pole pole, sasa nimerudisha. Jana mvua siku nzima, asubuhi nimeamka saa kumi na mbili kwenye kioo 52.1, samaki ukigonga mezani analia kama mbao.

Gel nane ziko nje chini ya turubai. Kuna mtu wa Kasese anayenunua kwa kilo?

BodaNaJua
Nitumie inbox, nakuja Jumamosi na pikapu.