Mrejesho: Mama kabadilishiwa nyonga India

Wakuu, nilikuja kuomba ushauri kuhusu kumpeleka mama India kubadilishiwa nyonga, maana gharama za nyumbani zilitushinda. Amerudi salama, anatembea kwa mkongojo. Asanteni sana.

Ushauri uliotufaa kuliko wote ni wa yule aliyesema tusitume eksirei iliyopigwa picha kwa simu. Tuliomba CD yenye mafaili halisi ya DICOM (mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi picha za vipimo vya hospitali), tukayatuma hospitali mbili na kuzitaka zitoe mchanganuo wa gharama kwa maandishi. Hapo ndipo mambo yalipojianika: moja ilionekana rahisi kwa sababu tu kiungo bandia chenyewe hakikuwemo kwenye bei! Ile nyingine ilitupa barua ya mwaliko, tukaombea viza ya matibabu, na mimi nikapata ya msindikizaji.

Kilichokwama ni ufuatiliaji baada ya kurudi. Daktari wa kwanza aligoma kabisa kumshika mgonjwa aliyepasuliwa na mwingine. Wa pili alikubali alipoona ripoti ya upasuaji na zile stika za kiungo bandia zenye aina, saizi na namba ya toleo. Uliyesisitiza tuzidai kabla mama hajaruhusiwa, Mungu akubariki.

Hoteli nayo ilitutafuna, kwani daktari hakutaka mama apande ndege mapema akihofia damu kuganda miguuni. Nafuu tuliyoitarajia ikapungua sana, ila bado tulilipa chini ya bei ya nyumbani.