Daladala za Bagamoyo kugeuza Bunju mvua ikinyesha: huu ni wizi

Ndugu zangu wa Bagamoyo, hasa nyie mnaofanya kazi Dar na kurudi kulala nyumbani, nimechoka. Naandika hapa nguo za jana bado zinachuruzika kwenye kamba, na mwanangu jana kalala bila kuniona.

Nilipanda gari Makumbusho, imeandikwa BAGAMOYO ubavuni kwa herufi kubwa. Mvua ilianza saa tisa, na kufika saa kumi na moja kituo kilikuwa maji ya kifundo cha mguu. Tukagombania mlango, tukaingia. Hatujafika hata Mwenge konda kaanza kukusanya nauli, jambo ambalo siku ya jua halifanyi, na kaongeza 1,000 juu. Kumuuliza, anajibu, "Dada, mvua hii huioni?" Tukalipa. Mtu umeshaloa, giza linaingia, utabishana na nani?

Foleni ya Tegeta sitaki hata kuisema. Bunju tumefika saa tatu kasorobo, gari likaingia pembeni, taa zikawashwa ndani. "Mwisho wa gari! Shukeni, tunageuza!"

Siti ya mbele alikaa bibi mmoja na kikapu chake. Akamwambia konda kwa upole kabisa, "Mwanangu, mimi naenda Zinga, na hela nimeshakupa." Yule kijana hakumtazama. Noti zetu amezikunja kati ya vidole, zimeloa, mkono mwingine anagonga bodi na kuita "Makumbusho, Makumbusho!" Sisi wa nyuma hatujakanyaga chini, abiria wa kurudi Dar wameshaanza kupanda juu yetu. Nusu ya nauli hakurudisha, wala kutuhamishia gari jingine. Kutoka hapo hadi Bagamoyo mjini ni zaidi ya kilomita 30, usiku, mvua inapiga.

Sababu tunaijua wote. Dereva ana hesabu ya tajiri, yaani hela ya kumpelekea mwenye gari kila siku. Mvua ikinyesha, kituo cha Makumbusho kinafurika watu, kwa hiyo vitrip vifupi vya Bunju vinamlipa kuliko kuja huku kwetu na kurudi na siti tupu. Sawa, hesabu ni ngumu, nalijua hilo, kaka yangu amewahi kuendesha. Lakini basi sema mapema, "Naishia Bunju," uchukue nauli ya Bunju. Ukichukua hela ya Bagamoyo ukanishusha Bunju, umeniibia.

Kuna waliojitetea pale kwamba mto Mpiji umejaa, gari haliwezi kupita. Nusu saa baadaye mimi nimevuka daraja hilo hilo kwa bodaboda! Maji yalikuwa mengi, ndiyo, lakini yalikuwa chini ya daraja, na malori yanapita. Bodaboda alitaka 25,000, tukachangiana mimi na yule bibi tukalipa 20,000, tukapanda mshikaki, bibi katikati. Kuanzia Mapinga mpaka Kerege nilikuwa nahisi anavyotetemeka ndani ya kanga yake. Mtu wa umri wa mama yangu! Tulipomshusha Zinga alinishika mkono akasema ahsante, nikashindwa kujibu.

Na msiniambie mvua imetushtukiza. Masika ni Machi hadi Mei, tangu bibi zetu hawajazaliwa. Hata kimbunga Hidaya, Mei 2024, TMA, watu wa hali ya hewa, walitangaza kabla hakijafika, na boti za Unguja zikasimamisha safari. Abiria wa boti aliambiwa akiwa bado nchi kavu. Wa daladala anaambiwa akiwa katikati ya njia na hela imeshatoka mfukoni.

Kukatisha ruti ni kosa, kila dereva analijua hilo. Tatizo wanaotakiwa kulisimamia nawaona barabarani saa nne asubuhi, jua linawaka, wanakagua stika. Saa mbili usiku pale Bunju, mvua inanyesha, sijawahi kumkuta hata mmoja. Waje jioni. Wasimame nusu saa tu pale magari yanapogeuzia.

Mimi nimeshaamua. Kuanzia kesho nikipanda Makumbusho na wingu limefunga, nauli naitoa gari likishavuka daraja la Mpiji. Akikataa nashuka palepale kituoni. Peke yangu atanitukana na kunishusha, najua. Tukiwa kumi ndani ya gari moja tumekaza, hawezi. Wenzangu mnaopanda kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili, nani yuko tayari? Andikeni hapa chini muda wenu, na kila atakayeshushwa Bunju aweke namba ya gari.