Uberti, Pietta au Ruger: rivolva ipi ya kikauboi inamaliza msimu bila kukwama?

Mlengaji_Columbus
Wakuu, habari zenu. Nipo Ohio na nimeanza kushiriki mashindano ya kulenga shabaha ya kikauboi, yale yanayofuata kanuni za SASS, chama cha Marekani kinachosimamia mchezo huu. Kwa wasioyajua, unapiga sahani za chuma huku saa inahesabu, ukiwa na rivolva mbili, bunduki ya wenzo na bunduki ya marisau, zote za miundo ya zama za kale za Marekani. Rivolva ni zile ambazo lazima ukoki nyundo kwa kidole gumba kabla ya kila risasi, yaani Colt ya 1873 na ndugu zake.

Hadi sasa naazima za watu, nataka jozi yangu mwenyewe. Colt halisi mpya bei yake ni zaidi ya mara mbili ya nakala ya Kiitaliano, kwa hiyo imeshatoka kwenye hesabu. Zimebaki tatu: Uberti Cattleman, Pietta (ile ambayo EMF, waagizaji wa Marekani, wanaiuza kwa jina la Great Western II) na Ruger New Vaquero. Urembo si hoja kwangu. Nataka silaha ambayo haitaniacha katikati ya awamu. Mnaozitumia mnasemaje?

FundiWaSpringi
Mkuu, kabla ya jina la kiwanda angalia tumboni. Uberti na Pietta zote zinatengenezwa mkoa wa Brescia, Italia, na zote zimenakili matumbo ya Colt ya 1873. Ndiyo maana magonjwa yao yanafanana na yanajulikana.

Ndani kuna springi bapa tatu. Ile kubwa inayosukuma nyundo ni nadra kuvunjika. Zinazosumbua ni mbili. Ya kwanza ina matawi mawili: tawi moja linasukuma kifyatulio, jingine linainua kufuli inayoshika silinda. Tawi likikatika, ama kifyatulio kinalegea, ama silinda inapita bila kushikwa mahali pake. Ya pili ni kipande chembamba bapa cha chuma kilichobanwa kwenye mkono unaozungusha silinda. Hicho kikivunjika, unakoki nyundo na silinda imetulia tu, haizunguki.

Ruger hawakufuata njia hiyo. Tangu rivolva yao ya Single-Six ya 1953 wanatumia springi za waya zilizosokotwa, na springi ya namna hiyo haichoki upesi kama bapa. Ukiniuliza ipi itapiga miaka bila kufunguliwa, ni Ruger, na wala sisiti.

MamaShabaha_TX
Kaka Fundi, uliyosema ni kweli, ila umeishia njiani. Springi ya matawi mawili inabadilishwa kwa ile ya waya, Wolff, watengenezaji wa springi za silaha, wanaiuza, na bei yake haimwumizi mtu. Ule mkono nao fundi anaweza kutoboa tundu dogo nyuma yake kwenye fremu akaweka springi ya kusokotwa na kijipini chake, kama ilivyo kwenye Ruger. Baada ya hapo sababu kuu mbili za nakala ya Kiitaliano kukwama zimeondoka.

Mimi napiga na Pietta zilizofanyiwa hivyo na hazijaniangusha. Nazipenda kwa sababu ya mkono wangu. Kiganja changu ni kidogo, na mpini wa Colt unakaa vizuri hata ninapokoki haraka. Vaquero ya kwanza, ya 1993, ilijengwa juu ya fremu kubwa ya Blackhawk, rivolva nyingine ya Ruger, na kwangu ilikuwa mzigo. New Vaquero ya 2005 wameipunguza ikakaribia Colt, hiyo sina ugomvi nayo. Ila tuseme ukweli, Ruger si nakala. Sura ni ya 1873, ndani ni mashine nyingine kabisa.

Halafu Columbus, usidharau gharama ya kukwama. Kila shabaha uliyoikosa ni sekunde 5, na risasi zilizobaki kwenye silinda zinahesabiwa kama umekosa. Silinda ikigoma na risasi tatu ndani, umeongezewa sekunde 15. Muda huo hauwezi kuufidia kwa kukimbia.

Mkongwe_Arizona
Nyongeza kwa huyu ndugu yetu mgeni. Springi zinasemwa sana, ila kinachosimamisha watu wengi siku ya mashindano ni skrubu. Rivolva ya muundo wa Colt inalegeza skrubu zake yenyewe kwa mtikisiko. Kila baada ya mashindano zipitie moja moja, kwa bisibisi ambayo ncha yake inajaa mfereji wote wa skrubu, la sivyo utazichuna vichwa. Gundi ya skrubu ya bluu, tone dogo, inatosha. Usitumie nyekundu, siku ya kufungua utalia.

Kingine ni pini ya katikati, ule mhimili wa silinda. Kishikizo chake kikiwa na springi dhaifu, mtikisiko wa risasi unaisogeza pini mbele na silinda inaanza kukwama. Dawa yake ni springi ngumu zaidi.

Kuhusu usalama: Ruger ina kipande kinachopanda kati ya nyundo na pini ya kugonga fataki pale tu kifyatulio kinapokuwa kimevutwa, kwa hiyo kwa muundo wake unaweza kubeba risasi sita. Cattleman II nayo ina pini inayorudi ndani. Lakini kwenye SASS hilo halikupi ruhusa yoyote. Ni risasi tano, nyundo imelala juu ya tundu tupu, kwa kila mtu na kila chapa. Kwenye nakala ya Colt unafanya hivi: koki nusu, fungua mlango wa kujazia risasi ubavuni, weka moja, ruka moja, weka nne, funga mlango, koki mpaka mwisho, kisha teremsha nyundo taratibu kwa kidole. Itaangukia tundu tupu. Kisha hakikisha kwa macho, kila mara.

Baruti_Nyeusi
Mnaongea kama wote wanapiga baruti isiyo na moshi. Mimi ni wa baruti nyeusi, na kwetu mizani inageuka. Adui wetu ni masizi. Yanaingia mbele ya silinda, yanaganda kwenye mhimili, na baada ya awamu chache silinda inakuwa nzito kuzunguka. Springi ikiwa nzima kabisa, bado umekwama.

Hapo kinachoamua ni ile shingo iliyochomoza mbele ya silinda kuzunguka mhimili, ambayo inazuia moshi usiingie. Muundo wa Colt unayo na unavumilia. Mwenye hamu ya Schofield ya Uberti, ile ambayo fremu yake inakunjuka katikati ili kuijaza, ajue kwamba silinda ilirefushwa ili imeze risasi za .45 Colt na shingo hiyo ikafupishwa. Kwa baruti ya kisasa haina neno. Kwa baruti nyeusi inachafuka haraka mno, na kwa hilo siwezi kumshauri mtu aichukue.

Na risasi yenyewe ina mchango wake. Ganda la .44-40 ni jembamba mdomoni, linatanuka na kuziba chemba, masizi mengi yanatoka kwa mbele. Ganda la .45 Colt lililojazwa baruti kidogo halitanuki vizuri, moshi unarudi nyuma hadi kwenye vidole.

Mlengaji_Columbus
Shukrani sana, nimeelewa mengi. Nitapiga baruti ya kisasa kwa sasa. Maswali mawili: nichukue .38 au .45? Na jozi iliyotumika ni salama kununua?

FundiWaSpringi
Kwa mwanzo chukua rivolva ya .357, ambayo inameza pia .38 Special, upige hizo .38. Kishindo kidogo, madini ya risasi kidogo, gharama kidogo. Rivolva kwenye SASS haitakiwi kuzidi futi 1,000 kwa sekunde, kwa hiyo nguvu kubwa haikusaidii kitu. Angalia jambo moja tu: ukija kutaka kundi la Classic Cowboy, wao wanadai kipenyo cha .40 kwenda juu, .38 yako itabaki nje.

Iliyotumika nunua, ila ipime mbele ya muuzaji, haina risasi, umehakikisha matundu yote sita. Nakala ya Colt, koki polepole usikilize: milio minne, iliyoachana vizuri. Ukifika nusu-koki, sukuma nyundo mbele kwa kidole gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, irudishe mezani. Kisha koki mpaka mwisho huku unaizuia silinda kidogo kwa kidole cha mkono wa pili. Kufuli iingie mahali pake kabla nyundo haijasimama. Rudia kwa matundu yote sita, maana moja linaweza kuwa limelika na mengine mazima. Mstari unaozunguka silinda ukiwa mkwaruzo wa rangi tu si kitu. Ukiwa mfereji unaouhisi kwa ukucha, kufuli inainuka mapema na imekuwa ikisugua muda mrefu.

MamaShabaha_TX
Na umwulize kama springi zimeshabadilishwa. Mwenye kuzitunza atakuambia za aina gani na lini. Asiyejua, hesabu kwamba ni za kiwandani, nunua mpya pamoja na rivolva, na weka seti ya akiba kwenye kijigari chako cha bunduki pamoja na bisibisi. Kuhusu Ruger ya mitumba, hiyo haina milio minne na haina nusu-koki, usije ukaikataa kwa sababu hiyo. Unafungua mlango na silinda inazunguka.

Mlengaji_Columbus
Nimeelewa, dada. Kuna jozi ya New Vaquero za .357 zinauzwa na mwanachama wa klabu yetu. Jumamosi naenda kuzipima.

Mkongwe_Arizona
Omba pia uzipige kwa risasi zako mwenyewe kabla ya kutoa hela. Koki kwa kasi unayotumia kwenye mashindano, maana kuna rivolva zinazojiendesha vizuri polepole na silinda ikapitiliza ukienda haraka.