Kati ya mzazi na marika, nani anamjenga mtoto zaidi? Nataka hoja, methali ninazo

Mdadisi

Wakuu, kuna mada inaandaliwa kwa kikao cha wazazi wenye watoto wa miaka 9 hadi 14, na imekwama hapa. Methali zetu zenyewe hazikubaliani. Moja inasema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Nyingine inasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, kwa hiyo ulimwengu nao una darasa lake. Juu ya hayo kuna madai yanayozunguka kwamba mwanasaikolojia mmoja wa Marekani alithibitisha kuwa mzazi hana athari ya kudumu kwenye tabia ya mtoto, kazi yote hufanywa na marika.

Je, ndivyo alivyosema? Ushahidi wake una uzito gani? Na swali ambalo wazazi wataliuliza kwanza: kama marika wana nguvu hivyo, mzazi ashike wapi? "Mchagulie marafiki wazuri" si jibu, maana mtoto wa miaka 12 hachaguliwi marafiki.

Naomba tusiletane habari za mtoto wa jirani.

Mizani

Unayemzungumzia ni Judith Rich Harris. Alitoa makala mwaka 1995 katika jarida la Psychological Review, kisha mwaka 1998 akaipanua kuwa kitabu. Hakuwa profesa. Alikuwa akiandika vitabu vya kiada nyumbani kwake, miaka mingi baada ya kuondolewa kwenye masomo ya udaktari Harvard kwa barua iliyotiwa saini na George Miller, mwanasaikolojia maarufu wa pale. Makala ile ikaja kupewa tuzo yenye jina la huyohuyo George Miller. Haihusiani na swali lako, lakini ni vigumu kuiacha.

"Alithibitisha" ni neno kubwa mno. Hoja yake ilianzia kwenye swali hili: mtoto wa mzazi mkali akiwa mkali, tumejuaje kwamba ni malezi na si damu? Mzazi yuleyule ndiye aliyempa malezi na ndiye aliyempa jeni. Tafiti nyingi za malezi za wakati ule hazikuwa na namna ya kuvitenganisha hivyo viwili.

Njia ya kuvitenganisha ni mapacha. Wanaofanana wana jeni zilezile. Wasiofanana wanashirikiana wastani wa nusu, kama ndugu wengine wowote. Wote wanakulia nyumba moja. Pima sifa fulani, tafuta uwiano wa kila kundi (yaani kiasi ambacho pacha wawili wanafanana kwa sifa hiyo, 1 ikiwa ni kufanana kabisa), toa mmoja kwa mwingine, zidisha kwa 2. Tuchukue namba za kujifunzia tu: wanaofanana 0.50, wasiofanana 0.30. Tofauti ni 0.20, mara 2 ni 0.40. Hiyo 0.40 ni fungu la urithi, yaani sehemu ya tofauti kati ya watu inayotokana na jeni. Kilichobaki kufikia 0.50, yaani 0.10, ni fungu la nyumba ya pamoja. Na 0.50 nyingine hadi kufika 1 huitwa mazingira yasiyo ya pamoja.

Mwaka 2015 Polderman na wenzake walijumlisha machapisho 2,748 ya mapacha yaliyopima sifa 17,804. Wastani wa urithi ulikuwa asilimia 49, na wa mazingira ya pamoja asilimia 17. Ukichukua haiba peke yake, mathalani woga, uchangamfu au upole, fungu la nyumba hushuka karibu na sifuri. Hapo ndipo Harris alipojenga hoja yake.

Kosa linalofanyika sana ni kuliona fungu lisilo la pamoja na kutangaza kwamba hao ndio marika. Fungu hilo ni kapu la masalio. Limebeba ugonjwa wa utotoni, bahati, mwalimu mmoja aliyempenda mtoto, namna mzazi anavyowatendea watoto wake wawili tofauti, na hata makosa ya upimaji. Marika wamo humo, ila kapu zima si lao. Vilevile, "fungu la nyumba ni sifuri" maana yake ni kwamba nyumba haiwafanyi ndugu wafanane. Ukali wa mzazi ukimfanya mmoja mtiifu na mwingine mkaidi, nyumba imewagusa wote wawili, na hesabu bado itasoma sifuri.

Lafudhi

Mizani kamaliza upande wa takwimu, mimi niseme lugha, maana huko ndiko Harris alikokuwa na ushahidi mzuri kuliko kwingine. Mtoto wa wahamiaji anayeingia shule akiwa mdogo huishia na lafudhi ya wenzake, ingawa neno la kwanza alifundishwa na mama yake.

Mfano mkubwa zaidi ni Nicaragua. Watoto viziwi wengi walikuwa wakikaa majumbani, kila familia na ishara zake chache. Mwaka 1977 shule ikafunguliwa Managua. Walimu walikazania kusoma midomo na Kihispania. Watoto, kwenye viwanja vya michezo na kwenye mabasi ya shule, wakaunganisha ishara zao hadi ikazaliwa lugha mpya, na wadogo waliojiunga baadaye ndio walioipa sarufi pana zaidi. Wazazi wao walikuwa watu wanaosikia, na lugha yenyewe hawakuijua.

Lakini msishangilie mapema. Arvilla Payne alichunguza watoto wa familia zilizohamia King of Prussia, karibu na Philadelphia, na matokeo yakatoka mwaka 1980. Matamshi mepesi ya pale waliyadaka kwa wenzao bila shida. Ila kuna kanuni moja ngumu ya pale, inayoamua ni maneno gani yatamkwe irabu "a" kwa namna ipi. Hiyo waliimudu sawasawa karibu wale tu ambao wazazi wao walikuwa wazaliwa wa eneo hilo. Kwa hiyo hata kwenye lafudhi, ngome ya marika, kuna tabaka ambalo mzazi alishaliweka kabla mtoto hajatoka nje kucheza.

Mdadisi, kwenye kikao chako gawa swali kwa sifa. Misimu ya lugha, mavazi, muziki, namna ya kujibeba mbele ya kundi: marika. Dini na dhehebu, lugha ya nyumbani, kazi za mikono zinazofundishwa nyumbani: mzazi, na kwenye dhehebu hata tafiti za mapacha zinaonyesha hivyo. Haiba: jeni na lile kapu la Mizani.

Shahidi wa Bucharest

Naona mnasahau kitu. Tafiti za mapacha huchukua zaidi familia ambazo mtoto anakula, analala na ana mtu wa kumwita. Ndani ya wigo huo tofauti za malezi zinaonekana ndogo. Toka nje ya wigo uone.

Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti walichukua watoto wadogo 136 waliokuwa wakiishi kwenye vituo vya serikali. Kwa kura, 68 wakapelekwa kwa familia za walezi, 68 wakabaki katika utaratibu uliokuwepo. Waliopata familia walipanda kwenye vipimo vya akili na kwenye uhusiano wao na mlezi, hasa waliotoka kituoni kabla ya miezi 24. Sasa fikirini: mtoto wa kituoni alikuwa na marika tele kutwa kucha. Alichokosa ni mtu mzima mmoja aliye wake. Marika hawakuziba pengo hilo.

Mdadisi

Nashukuru, nimepata zaidi ya nilichotafuta. Sasa shuleni kuna mapendekezo mawili mezani. La kwanza, watoto wakorofi wakusanywe kikundi kimoja cha ushauri nasaha. La pili, wasambazwe, kila mmoja akae na wale watulivu wenye alama nzuri ili waambukizwe. Lipi bora? Na lile swali la mzazi ashike wapi bado linasubiri.

Mshauri wa Zamu

La kwanza likatae kabisa. Dishion, McCord na Poulin waliandika mwaka 1999 kuhusu programu za namna hiyo. Vijana wenye dalili za ukorofi waliowekwa pamoja kwenye vikundi walirudi na uvutaji wa tumbaku na utundu zaidi kuliko wasiowekwa. Katika mradi wa zamani wa Cambridge-Somerville, wa kuwasaidia wavulana huko Marekani, ulioanza mwaka 1939, wavulana waliopelekwa kambi za likizo zaidi ya mara moja ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi walipofuatiliwa miaka 30 baadaye.

Sababu yake ni kicheko. Mmoja anasimulia alivyovunja kanuni, wengine wanacheka, na kicheko kile ni malipo yanayofika palepale. Mshauri naye anatoa sifa mara moja kwa wiki, tena kwa jambo ambalo kundi halilithamini. Hawezi kushindana. Kama hakuna budi kuwa na kikundi, wakorofi wasizidi wawili kati ya kumi, kuwe na kazi ya mikono inayoendelea, na mtu mzima asitoke chumbani hata kwa dakika tano. Dakika tano hizo ndizo zinazoharibu saa nzima.

La pili linavutia, ila lina mtego wake. Carrell, Sacerdote na West walilijaribu katika chuo cha jeshi la anga la Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Walipanga vikosi kwa kompyuta, wenye alama za chini wakiwekwa na wenye alama za juu, wa kati wakawekwa kwenye vikosi vyao peke yao. Wenye alama za chini wakafanya vibaya zaidi. Ndani ya kikosi kila mtu alijitenga na wa aina yake, na wale wa kati ambao wangekuwa daraja hawakuwepo. Kwa hiyo ukisambaza watoto, acha wa kati wachanganyike na wote, na mpe kila mkorofi mwenzake wa kazi mmoja mwenye jukumu naye: wana kifaa kimoja, ripoti moja, alama moja. Kuwakalisha dawati jirani tu hakubadilishi kitu.

Sasa mzazi. Kwanza ajue umri gani una nini. Gardner na Steinberg, mwaka 2005, waliwapa watu 306 mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine peke yao, wengine wenzao wakitazama. Wa miaka 13 hadi 16 walijihatarisha karibu mara mbili zaidi mbele ya wenzao. Wenye miaka 24 na kuendelea hawakubadilika. Mtoto yuleyule aliyeahidi nyumbani kwa moyo wote alikuwa mkweli alipoahidi. Kilichobadilika ni watazamaji. Kwa hiyo kuongeza mawaidha kuna faida ndogo. Punguza saa ambazo kundi liko peke yake. Mara nyingi ni zile kati ya kutoka shule na mzazi kurudi kazini.

Zijazwe na nini? Hapa pia watu hukosea. Mahoney na Stattin, mwaka 2000, walikuta Sweden kwamba shughuli zenye ratiba, kiongozi na stadi ya kujifunza zinaendana na utundu mdogo, lakini vituo vya vijana vya kukaa tu na kupiga soga vinaendana na utundu zaidi. Jengo zuri lenye meza ya kuchezea haliokoi kitu. Uliza maswali matatu: kuna saa ya kuanza na kumaliza? Kuna mtu mzima anayefundisha? Mtoto akiacha kwenda, kuna atakayeuliza yuko wapi?

Halafu suala la kumjua. Stattin na Kerr, mwaka 2000, walionyesha kwa vijana wa miaka 14 kwamba kile ambacho mzazi anakijua kuhusu mtoto hutoka zaidi kwa mtoto kujisemea mwenyewe kuliko kwa mzazi kupeleleza. Mtoto hujisemea kama mara ya mwisho aliposema hakuadhibiwa papo hapo. Akikueleza jambo baya la rafiki yake, usitoe hukumu siku hiyo. Uliza "ikawaje?", kisha nyamaza. Hukumu inaweza kungoja kesho, wakati mwingine hata haihitajiki.

Na kumpiga marufuku rafiki? Keijsers na wenzake, mwaka 2012, walikuta marufuku ikifuatiwa na kukutana zaidi na wale wakorofi. Rafiki aliyekatazwa hukutwa mahali usipopaona. Dawa nafuu ni kumleta karibu: aje nyumbani, mlango wa chumba uwe wazi, kuwe na kitu cha kufanya. Wakati huohuo mfungulie mtoto kundi la pili lisilojuana na la kwanza, la michezo, la ibada au la kazi za mikono. Mwenye kundi moja tu hawezi kulikatalia, kwa kuwa akitolewa hana pa kwenda.

Mpe pia kisingizio. Jibu refu la kukataa linakaribisha mjadala, fupi halina pa kushikwa: "Baba hanielewi kabisa kwa hilo, siwezi." Mruhusu akutumie kama mbaya wake. Lifanyieni mazoezi kwa sauti mara tatu nne, wewe ukiwa yule anayemshawishi, na usimwachie kirahisi.

Mizani

Nyongeza moja kwa Mshauri. Watoto wanaofanana huchaguana kabla hawajaambukizana. Denise Kandel alifuatilia marafiki wa sekondari kwa mwaka mzima (1978) akakuta kufanana kwao kunatokana na kuchaguana na kuathiriana karibu sawa kwa sawa. Mzazi anayesema "wamemharibia mwanangu" mara nyingi ana nusu ya habari. Ajiulize pia mtoto alifuata nini kule.

Mdadisi

Hili la mwisho litawauma, lakini litaingia. Kikao ni dakika 90. Nianze na nini wasilale?

Mshauri wa Zamu

Usianze na takwimu. Gawa karatasi, dakika 6 tu: kila mzazi aandike marafiki watano wa mtoto wake, kila mmoja kwa majina yake mawili, jina la mzazi wa kila mmoja, na mahali wanapokutana saa za baada ya shule. Ukitaka kuendeleza, wapeleke karatasi nyumbani wakaijaze pamoja na mtoto. Ila tangaza mapema kwamba karatasi hazikusanywi, la sivyo utaletewa majina ya kubuni.