Binti yangu hesabu anaziweza nyumbani, kwenye mtihani anafeli. Naomba ushauri

MamaVitumbua: Wapendwa, salaam. Nauza vitumbua Makorora, hapa Tanga. Binti yangu yuko kidato cha pili. Jioni yeye ndiye anayenipigia mahesabu ya mchele, mafuta na wadeni, yote kichwani, hakosei hata shilingi hamsini. Juzi kaleta karatasi ya hesabu, kapata 18 kwa 100. Swali la tatu kalifuta mpaka karatasi imetoboka. Nilipombembeleza akasema mwalimu kabla ya kugawa mitihani aliwaambia, "Nyie watoto wa pwani ngoma na mapishi mnayaweza, hesabu waachieni wa bara." Sasa kila akishika kalamu anayasikia yale maneno. Nimwendee mwalimu, au nitamzidishia mwanangu?

Mwl_Mstaafu: Pole sana, dada. Maneno hayo yanaumiza kweli. Mwaka 1995 wanasaikolojia Claude Steele na Joshua Aronson waliwapa wanafunzi weusi na weupe wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, maswali magumu yaleyale. Walioambiwa kwamba mtihani unapima uwezo wao, weusi wakashuka. Walioambiwa ni zoezi tu, pengo likapungua sana, ukizingatia alama walizoingia nazo chuoni. Mtoto anafanya kazi mbili: anakokotoa, na huku anapigana na hofu ya kuwathibitishia wasemaji.

Kijana_Chumbageni: Mama, tusilitupie neno la mwalimu kila kitu. Uholanzi walijaribu jambo kama hilo, la wasichana na hesabu, kwa wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,000, matokeo yakatoka 2018: wasichana hawakushuka kwenye hesabu. Kujumlisha wadeni si aljebra. Mpime msingi wake kwanza.

BintiNgamiani: Mpime, sawa, lakini mwalimu naye aambiwe! Mimi niliitwa kichwa maji darasa zima likisikia, nikaacha kunyoosha mkono miaka miwili. Shoga, usiende kwa ugomvi. Anza na mwalimu wa darasa, mweleze alichosema mtoto, mwonyeshe na karatasi. Na binti mwambie waziwazi kwamba ule wasiwasi unatokana na maneno aliyoambiwa, si kwamba hana akili.

MamaVitumbua: Ahsanteni. Kijana, nimekusikia. Jana usiku nimempa maswali yaleyale, akakaa kando ya jiko huku mimi nageuza vitumbua. Mawili ya aljebra kakosa, hayo tutamtafutia wa kumwelekeza. La tatu kalipata, hakufuta hata mara moja. Jumatatu naenda kwa mwalimu wa darasa, karatasi zote mbili mkononi.