Naomba ushauri: kuhamisha miamala ya Excel kwenda GnuCash (programu ya hesabu)

Asalaam alaykum ndugu zangu. Niko Amu (Lamu), naweka hesabu za boti ya baba inayovusha abiria kati ya Mokowe na kisiwani: nauli, petroli, matengenezo ya mashine. Miaka 2 yote iko kwenye Excel, na kuandika upya muamala mmoja mmoja siwezi.

Nilihifadhi faili kama CSV (maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato) nikaliingiza GnuCash. Kwanza 03/04 ilisomeka 4 Machi badala ya 3 Aprili. Nilipochagua mpangilio wa siku-mwezi-mwaka ikakaa sawa. Kinachonisumbua ni pesa zenyewe. Faili langu lina safu wima mbili, zilizoingia na zilizotoka, na matumizi yote yanakuja kama mapato. Nimejaribu pia kuandika kwa mkono faili la QIF, muundo mwingine wa kuhamishia miamala (D tarehe, T kiasi, P mlipwaji, ^ mwisho wa muamala), ila naogopa miamala kujirudia, maana QIF haibebi namba ya kipekee ya kila muamala kama OFX, muundo wa faili unaotumiwa na benki.

Je, niziunganishe safu hizo ziwe moja, zilizotoka zikiwa na alama ya kutoa? Na kuna programu ya kugeuza Excel kuwa OFX bila intaneti? Hesabu za mzee sitaki kuzipakia kwenye tovuti nisiyoijua.